Njiti Chini ya Usukani

Pikapu ya shemeji ilirudi karakanani kwangu ikiburutwa, pua imebonyea, kioo hakuna. Dada yangu alikuja nyuma yake kwa miguu. Tulikuwa tumemzika mumewe siku kumi na mbili kabla.

"Mdogo wangu," alisema hata kabla ya salamu, "dereva mmoja kaniambia gari lina kumbukumbu. Nataka unitazamie kama alilala."

Nilijua kinachomla. Kabla ya safari ile ya ajali waligombana mpaka alfajiri, ugomvi wa bati la jikoni linalovuja. Mama mkwe wake aliyasema msibani, watu wamejaa: mwanangu kanyimwa usingizi, kalala kwenye usukani. Tangu hapo dada alikuwa haongei na mtu na chakula hakimshuki.

Wateja huniita Daktari kwa sababu ya mashine yangu ya kupimia magari, na mimi nimekuwa mpumbavu wa kutosha kuitika. Nilipiga magoti mlangoni mwa dereva. Soketi ya kuchomekea mashine ilikuwa inaning'inia chini ya usukani. Nilipoigusa, ikadondoka njiti ya kiberiti. Niliitia mfukoni upesi kabla dada hajaiona.

Njiti ile niliiweka mimi. Kwetu mafundi ndiyo dawa: soketi ikilegea, unaikaza kwa njiti, mashine isome, mteja aende zake. Wiki moja kabla ya ajali, shemeji alikuja akicheka. "Shemeji, gari inazimika ghafla kama mlinzi aliyeshiba!" Nikachomeka mashine, kimya. Nikakaza njiti, kimya vilevile. Kuifungua soketi kulitaka nilale chali, na wateja wawili walikuwa wananitazama. Niliona haya kusema mashine imenishinda.

"Gari iko salama," nikamwambia. "Mafuta machafu tu hayo."

"Ndiyo maana wanakuita Daktari," akasema, akanipiga begani, akaondoka.

Safari hii nililala chali. Nilifungua skrubu mbili, nikaigeuza soketi. Pini moja ilikuwa imerudi nyuma, haigusi kitu. Niliichomoa, nikainua kwa ncha ya sindano kilimi chake kinachoishikilia, nikairudisha mpaka ikalia ta. Nikafunga waya kwa tepu zisivutike tena, nikarudisha skrubu. Dakika ishirini na mbili. Niliangalia saa makusudi, nijue alikufa kwa uvivu wa muda gani.

Mashine ikasoma mara moja. Sensa ya kranki, ile inayoipimia injini mzunguko wake, ilikuwa imekatika, na injini ilizimika gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita sitini na nne. Kwenye mteremko ule alikopatia ajali, injini ikizimika usukani unakuwa gogo na breki zinagoma. Unakanyaga mpaka mguu uvunjike. Wa shemeji ulivunjika.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu daktari anayeyaficha, kisha akafa mtu mwingine.

"Inasemaje?" dada aliuliza.

Ningeweza kumwambia mashine haikumbuki kitu. Angeondoka na dhambi isiyo yake, nami ningebaki na dada. Nilitamani hivyo, sitadanganya.

"Hakulala," nikasema. "Injini ilimzimikia. Alikuwa macho, alipambana nayo mpaka mwisho."

Dada alikaa juu ya tairi kuukuu akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba. "Hakulala," alirudia. "Hakulala, jamani." Aliushika mkono wangu, na grisi yake yote, akauweka shavuni.

"Mungu akubariki, mdogo wangu. Laiti angeileta kwako mapema, ungeliona tatizo."

Kwa mkono mwingine niliitoa ile njiti mfukoni.

"Aliileta, dada. Nikaitibu kwa hii."

Aliitazama njiti, akanitazama mimi. Kisha akauachia mkono wangu.