Sura ya Saba na Mteja wa Dada

Wenzake walimwita Masikio, na si kwa sababu yalikuwa makubwa, ingawa madogo pia huwezi kuyaita. Walimwita hivyo kwa sababu hayakuwa wazi hata siku moja. Darasani, kantini, kwenye foleni ya bafu, muda wote yamezibwa kwa hedifoni. "Huyu akifa azikwe na chaja yake," alisema mwenzake wa chumbani. Wote waliamini anasikiliza muziki, naye akawaacha waamini.

Alichokuwa akisikiliza ni kitabu cha maendeleo ya jamii, kurasa mia tatu na ushee, kikisomwa na dada yake huku cherehani inanguruma.

Tangu darasa la pili herufi zilikataa kutulia mbele yake. Zilikuwa kama kuku waliomwagiwa mtama: ukimtazama huyu, yule kashahama. Walimu wakasema ni uvivu. Mama akasema ni macho, akamnunulia miwani, basi akawa mvivu mwenye miwani. Dada peke yake ndiye aliyegundua kwamba mdogo wake akisomewa kitu mara moja, hakimtoki. Miaka mingi baadaye nesi mmoja akampa jina la tatizo lile, disleksia, na Masikio akalikunja akaliweka mfukoni, hakumwonyesha mtu.

Dada alikuwa fundi nguo, kwa hiyo alisoma akishona. Simu juu ya kopo la vifungo, kitabu kimebanwa kwa mkasi, mguu kwenye pedali. Sentensi ndefu, mshono mrefu. Akifika kwenye nukta, mguu unapumzika. Na kwa kuwa hakuumbwa kunyamaza, aliongeza na ya kwake humo humo, bila kubadili sauti hata chembe.

Rekodi ya mwisho iliishia katikati ya sura ya saba. "Jamii isiyoshirikishwa tangu mwanzo... ngoja, kuna mteja." Pedali kimya.

Mteja yule hakuleta kitambaa. Alileta habari za kiwanda cha nguo nchi ya mbali, na wiki tatu baadaye dada alikuwa ndani ya ndege. Huko simu zinaachwa langoni, zamu inameza siku nzima, akirudi bwenini analala na viatu. Salamu alituma, fupi kama kipande kilichobaki mezani kwa fundi: "Nipo, mdogo wangu. Ule vizuri." Sura ya saba haikuja.

Mwezi wa tano huu tangu aondoke. Masikio aliijua ile "ngoja, kuna mteja" mpaka pumzi inayoitangulia. Siku nyingine aliifungua hiyo tu, kisha akakaa kitandani kama mtu aliyeambiwa kweli asubiri.

Ndipo baada ya jaribio la katikati ya muhula akaitwa na mwalimu wake, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni. Ofisi ilikuwa finyu, feni inapepea karatasi zilizokandamizwa kwa kikombe cha chai iliyopoa.

"Keti, kijana. Hii ni kazi yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mwandiko tuuache, maana neno 'maendeleo' humu herufi zake zimekwenda pande zote isipokuwa mbele. Tatizo langu ni hili." Akavaa miwani, akasoma: "'Kama mwandishi anavyosisitiza, ushirikishwaji tuupime kikao kikiisha, maana wanaobaki kukusanya viti ni wale wale wanawake watatu.' Hiyo ni ukurasa wa ngapi?"

"Iko sura ya tano, mwalimu."

"Nimekifundisha kitabu hiki miaka kumi na moja. Hakina kiti hata kimoja."

Sentensi ile Masikio aliisikia kwa masikio yake mwenyewe, na pedali nyuma yake. Hapo ndipo alipoelewa, na kama si hofu angecheka.

"Kumzushia mwandishi maneno ni kesi ya kamati," mwalimu aliendelea. "Kamati ikikasirika, unafunga virago. Barua hii hapa. Sijaitia saini kwa sababu moja tu: sentensi ni nzuri kuliko za mwandishi. Nani kaisema?"

Moyo wa Masikio ulikuwa unazunguka kama gurudumu la cherehani iliyokatika mkanda, mbio tupu, hakuna kinachoshonwa. Angeweza kusema samahani, nilikosea, akabeba barua na siri yake vyote viwili. Mkono ukaingia mfukoni, ukakamata kifungo cha koti alichokiiba kwenye kopo la dada siku ya kuagana. Chini ya meza mguu ukaanza taratibu: shuka, panda, shuka, panda. Pumzi ikaufuata mguu.

"Dada yangu," alisema. "Mimi sisomi, mwalimu. Nasomewa."

"Sema tena."

Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, lakini ilitoka. Kisha akachomoa hedifoni, akaiweka simu mezani, na cherehani ikajaa ofisini. Mwalimu alisikiliza mikono kifuani. Ilipofika kwenye viti alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema aendelee. Sura ya sita ikapita, ya saba ikaanza, ikafika kwa mteja.

"Halafu?"

"Halafu akasafiri."

Mwalimu akavuta kalamu. Akaigeuza ile barua, akaandika nyuma yake ombi kwa ofisi ya wanafunzi: msomaji wa mtihani, na muda wa nyongeza, nusu ya ule wa wengine.

"Haya yapo miaka yote. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilidhani nikisema mtaniambia nirudi nyumbani."

"Ungerudi kufanya nini, na fundi hayupo?"

Masikio akapewa karani wa maktaba awe msomaji wake, mzee mpole anayesoma kama anayetangaza mazishi. Sura ya saba ikaisha, ya nane mpaka ya kumi zikapita, safi, kila nukta mahali pake. Ila kila aya ilipokwisha Masikio alijikuta ameinamisha kichwa, anasubiri neno la pembeni. Kilikuja kikohozi cha mzee tu.

Kwenye mtihani mguu ulianza wenyewe.

"Huo mguu una nini?" mzee akauliza.

"Unasoma, mzee."

Jibu la swali la mwisho alilianza hivi: "Kama asemavyo dada yangu, fundi nguo..." Akafaulu.

Alimtumia dada habari hizo kwa sauti, akisimulia mpaka kikohozi cha mzee. Hakuomba sura. Jibu lilikuja baada ya siku nane: kelele tupu, kama mvua ya mawe juu ya bati, na ndani yake sauti anayoijua.

"Nimepenya na simu, wakinikamata nimekwisha. Unasikia? Tuko mia tatu, kila mtu na cherehani yake. Hebu nitafute humo." Kelele ikaendelea kidogo. "Mzee wako hawezi kusoma, nimekwambia. Ile ya saba tuliishia... ngoja, msimamizi huyo."

Ikakatika.

Masikio alikaa kitandani, akabana hedifoni kwa viganja viwili, akairudisha mwanzo. Katika miguu mia tatu alikuwa anautafuta mmoja, ule unaopumzika kwenye nukta.