Molekuli Isiyopenda Kuharakishwa

Naandika haya kwa uzito unaostahili, maana sayansi imepiga hatua na mimi nilikuwepo, ingawa sikualikwa.

Likizo hiyo nilishinda maabara kwa mjomba, mdogo wake mama, kwa kuwa nyumbani waliamini nikibaki peke yangu nitauza hata mlango. Mjomba alikuwa akipambana na kimeng'enya kimoja cha mapafu ya binadamu. Kazi yake ni kukata protini, na kikizidisha bidii hukatakata hata mapafu yenyewe. Kina tundu ambamo protini huingia ikakatwa. Mjomba alikuwa ametengeneza molekuli ndogo ikakae humo, protini ikose nafasi. Lakini kila akiijaribu, kimeng'enya kiliendelea kukata kama vile hakuna mgeni aliyefika.

"Leo ndiyo mwisho," aliniambia. "Bosi kasema maji yakiwa njano tena, molekuli yangu inatupwa. Miaka yangu yote hiyo, jalalani."

"Pole, Mjomba. Unaweza kuja kusoma na sisi bwenini."

"Nyamaza."

Jaribio lenyewe ni hivi: kwenye kisahani chenye vishimo unatia kimeng'enya, unatia molekuli, kisha unatia chambo, yaani protini bandia inayotoa rangi ya njano ikikatwa. Mjomba alizoea kutia vyote vitatu chapuchapu kama mgawa karata, na alijisifia hilo. Maabara nzima ilifanya hivyo, kwa sababu molekuli zao za zamani zilikuwa zikifika tu, zinakaa.

Mimi dawa sikugusa. Nina maadili. Mjomba alipotia kimeng'enya na molekuli, akavua miwani afute jasho, niligusa miwani tu. Niliivalisha ile sanamu ya mifupa iliyosimama koridoni, pamoja na koti jeupe.

"Miwani yangu iko wapi?"

"Umetazama usoni?"

"Wewe mtoto!"

Akapekua droo, akapekua mifuko, akapekua hadi friji. Bosi, mama mrefu asiyejua kucheka, akatoka kusaidia kutafuta. Akapita koridoni, akaiambia ile mifupa, "Habari za kazi, Daktari," akaenda zake. Kisha akarudi kinyumenyume.

"Nitakurudisha kwa mama yako umekunjwa kwenye bahasha," Mjomba alisema akivaa miwani. Akatia chambo. Tukangoja njano.

Haikuja. Maji yalibaki maangavu.

Bosi akanigeukia. "Umemwaga nini humu?"

"Sijamwaga kitu, Mama, haki ya Mungu. Mimi ni mwizi wa miwani tu."

Mjomba alikuwa amekaa kwenye stuli taratibu, kama mtu anayeogopa kuivunja. "Tumechelewa," alisema. "Molekuli imekaa na kimeng'enya muda wote tuliotafuta miwani, bila chambo kuisumbua. Bosi, hii haifiki na kukaa papo hapo. Inaingia, inajigeuzageuza, tundu nalo linajibana taratibu kuifuata, ndipo vinashikana."

Nilielewa papo hapo. Bwenini tuna mmoja tunamwita Gunia: hujigeuza kitandani mpaka mbao zilie, lakini akishapata mkao wake, hata kengele ya mwalimu wa zamu haimng'oi.

"Rudia," Bosi alisema. "Upande mmoja haraka kama kawaida yako. Upande wa pili, ngoja."

Kungoja ni adhabu kali. Mjomba alikalia mikono yake ili isitangulie. Bosi alizunguka meza. Mimi nilikatazwa kufanya chochote na, kwa mshangao wa wote, nikatii.

Chambo kikaingia. Upande wa haraka ukageuka njano mbele ya macho yetu. Upande wa pili, tukatazama, tukainama, tukatazama tena. Maji maangavu.

"Haitupwi," Bosi alisema, na uso wake ukaanza kufanya jambo lisilo la kawaida. Alicheka mpaka akashika meza.

Mjomba hakumsikia. Alikuwa amekiinamia kile kisahani, akikibembeleza kwa sauti ya mlezi: "Kaa, mwanangu. Kaa hapo hapo, usitoke."