Vidonge vya Kopo Moja

Mke wangu Tahiya alianguka chooni asubuhi, ndoo mkononi, na alasiri tukamzika. Kila aliyekuja kutupa pole nilimwambia: ni vile vidonge vya chuo kikuu. Walipita hapa Jang'ombe wakitaka wazee wa kuingia katika utafiti wao, dawa ya kuipa miguu nguvu ili mtu asianguke. Hebu niambie. Wakubwa wenyewe wamekaa kwenye viyoyozi, dawa wanajaribia wake zetu.

Vidonge alikuwa akivileta Bi Kawthar, mtafiti wa hicho chuo. Yeye sina ubaya naye, katumwa tu. Matangani alikuja, akaniambia, "Nitaomba siri ya Bi Tahiya ifunguliwe, nije nikwambie alikuwa akipewa nini." Maana waliwagawa wazee makundi mawili: hawa dawa ya kweli, hawa vidonge vitupu vya unga, na vyote sura moja. Anayetoa hajui, anayekula hajui. Mie skuli sikufika mbali, lakini kumwita mtu mzima ukampa unga, hilo mpaka leo halijaniingia.

Juzi akaja. Nikamkalisha ukumbini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sema tu, mwanangu. Nshasubiri vya kutosha."

"Bi Tahiya alikuwa kundi la vitupu. Dawa yetu hakuila hata siku moja. Si dawa iliyomuua."

Miezi yote hii nimewaapiza watu, kumbe nimeapiza unga.

Bi Wanu, jirani yetu mtu wa Makunduchi, naye yumo katika utafiti huo huo. Alikuwa kasimama mlangoni na bakuli la mbaazi aliloniletea.

"Hakula vipi?" akauliza. "Tahiya kala. Sote tumekula."

"Wewe una vyako, Bi Wanu, na yeye alikuwa na vyake," Bi Kawthar akamjibu taratibu.

"Vyangu viko wapi? Siku ile ulipotwambia kuna watakaopata na kuna watakaokosa, hujafika hata barabarani Tahiya kasema haiwezekani, jirani apate na jirani akose. Mie, yeye na Bi Muzna wa nyumba ya nyuma tukavimimina vyote katika kopo lake la maziwa. Tukavitikisa. Asubuhi mtu anakuja, anachota chake, anakwenda zake. Ukileta vipya, tunamimina tena."

"Lakini chupa zenu mlikuwa mkinirejeshea tupu."

"Si ulitaka tupu? Tumekurejeshea tupu."

Nami nikaenda jikoni. Kopo lilikuwa pale pale kwenye rafu, mie nikidhani mna sukari wanayokuja kuchota majirani. Nikavimwaga kwenye sinia mbele yake. Vyeupe vyote, kama watoto wa mama mmoja.

"Nionyeshe cha kweli."

"Siwezi, baba. Vimetengenezwa ili nisijue."

"Chukua ukavipime."

"Nitavipima. Lakini nitajua hivi vilivyobaki. Alivyokula yeye hatavijua mtu tena."

Basi wakubwa walipanga kila kitu, wakasahau kuuliza wanawake wa mtaa huu wanaishi vipi. Hapa mtu hapiki muhogo asimpelekee jirani. Hata mpita njia angewaambia.

"Itabidi nikawaeleze leo leo," Bi Kawthar akasema. "Na wewe, Bi Wanu, usile tena."

"Nisile, na magoti yangu ndiyo kwanza yananitii?"

Bi Wanu akatua bakuli, na kwa mazoea tu mkono wake ukaenda kwenye sinia kuchukua cha siku ile. Bi Kawthar akaudaka. Wakabaki hivyo, wameshikana juu ya vile vidonge, na mie nikiviangalia kimoja kimoja, nikitafuta kinachofanana na kilichomuua mke wangu.