Zamu Iliyompita Yared

Dakta alipoondoa kifaa chake kifuani mwa Yared, mama yake, Etagegn, alikuwa amekwisha kuisoma sura ya dakta.

"Mama Yared, leo hatumpasui. Ana nimonia."

"Jana si alikuwa anacheza?"

"Lile tundu la moyoni linafurikisha damu mapafuni, na mwili wenyewe umechoka, hauna askari wa kutosha wa kupigana na magonjwa. Mafua ambayo kwa mtoto mwingine ni kamasi tu, kwake yanashuka kifuani. Kuna mtu mwenye mafua aliyemkaribia?"

Etagegn akatikisa kichwa kukana. Lakini alimjua vizuri mtu huyo. Mumewe, Demissew, fundi mwashi, alikuja kutoka Dessie kumuaga mwanawe kabla ya kupasuliwa, akambusu shavu hili na lile, akarudia, huku akikimeza kikohozi. Etagegn alimwona, lakini angemnyimaje baba mwanawe?

Madaktari wageni waliokuja kupasua mioyo ya watoto walikuwa Addis Ababa kwa juma hilo tu. Zamu ya Yared akapewa Senait, msichana wa kitanda cha pili, naye Yared akahamishiwa chumba cha peke yake.

Mama Senait, Workinesh, akaja akasimama ng'ambo ya mlango wa kioo, shela mdomoni.

"Dada yangu, nitakutazamaje usoni?"

"Nitazame tu. Mtoto amesukwa? Wapasuaji wanataka nywele zibanwe."

"Bado. Nisukie wewe."

"Usimlete huku! Nguo zangu zimejaa kikohozi. Kaa hapo hapo, nitakuelekeza."

Workinesh akamwita binti yake, akampakata sakafuni ng'ambo ya kioo. "Anzia kwenye paji," Etagegn alisema. "Vuta. Hapo umelegeza, rudia." Alisubiri uchungu umjie, au hata wivu. Havikuja.

Mchana Demissew akapiga simu. "Wamemaliza?"

"Hawakumpasua. Ana nimonia."

Demissew akakohoa. "Ni mimi, sivyo?"

"Mafua yako kila mahali, Demissew. Kunywa tangawizi."

"Nitukane basi, mke wangu!"

"Sina matusi," akasema, na ni kweli hakuwa nayo. Akamega kipande cha mkate wa injera, akatafuna, akameza. Ingekuwa karatasi asingejua.

Senait alitoka salama kwenye upasuaji. Midomo iliyokuwa ya zambarau ikapata rangi. Wageni wakafunga masanduku wakaenda zao. Dawa za kupitia mshipani nazo zikamshusha Yared homa, pumzi zikatulia. Dakta akasisitiza chanjo, mikono safi, na wenye mafua wakae mbali.

"Wageni wakirudi mwakani, yeye atakuwa wa kwanza," akaongeza.

"Sawa," Etagegn akajibu, akaendelea kukunja blanketi.

Walipopita wodini kuaga, Yared akakiona kitanda kitupu.

"Senait kaenda wapi?"

"Kwao. Amepona."

"Na mimi?"

"Wewe bado. Inua mkono."

Akauinua, mama yake akamvisha sweta, akaanza kufunga vifungo kutoka chini.