Njia Moja ya Ipililo

Pale Lagangabilili, kwenye mkutano wa wafugaji, bibi shamba Harieth alibandika ukutani ramani za ukame wa miaka arobaini. Zamani wekundu wa ukame ulikuwa madoa tu: mwaka huu huku, mwaka ule kule, jirani akipona. Kadiri miaka ilivyosogea, madoa yakanenepa, yakashikana, mpaka ramani ya mwisho ikaiva yote kama nyanya.

"Hii si ramani, ni jezi ya Simba," akasema Maige, na mkutano mzima ukaangua kicheko.

Binti yake Ng'washi alicheka pia, halafu akaacha. Zizini kwao walibaki ng'ombe wachache, na kati yao jike moja jekundu aliloacha marehemu mama yake. Lilikuwa na mimba.

"Baba, Harieth anasema tuuze sasa, kabla hawajabaki mifupa."

"Harieth kwao migombani, ng'ombe anamjua kwenye sahani. Ukame una adabu zake, mwanangu. Ukipiga huku, unaacha kule. Babu yako aliwapeleka kwa rafiki yake kule Maswa, mvua ikirudi anawafuata wamenona. Mimi nawapeleka Ipililo kwa Josia."

"Umempigia simu?"

"Malisho yanaombwa kwa simu? Rafiki unamwendea, anakupokea. Ukiuliza kwanza, umemtukana."

Wakaswaga. Malambo ya njiani yalikuwa yamepasuka kama visigino vya Maige, na Ng'washi hakuacha kumwambia hivyo. Walilala njiani. Asubuhi, vumbi likatimka mbele yao. Ndani yake wakatokeza ng'ombe mbavu nje, na nyuma yao Josia, fimbo begani.

Makundi yakasimama, yakanusana.

"Mwangaluka, Maige."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu Josia, yaani salama tu. Nyuma yake ndama akapiga magoti, hakuinuka.

"Unawapeleka wapi, rafiki yangu?" Maige akauliza.

"Kwako."

Ng'washi alibanwa na kicheko kibaya, kile cha msibani. "Basi tubadilishane nyumba, mzee Josia. Wewe ulale kwetu, sisi kwako, angalau ng'ombe wasione safari imepotea bure."

Hakuna aliyecheka. Maige akauliza swali ambalo baba yake hakuwahi kulihitaji. "Kwako kuna majani?"

"Yangekuwepo, ungenikuta hapa?"

Jike jekundu likajilaza katikati ya njia. Walilivuta mkia, wakalisukuma kwa mabega, wanaume wawili na binti mmoja. Likawatazama tu, kama linalowaonea huruma.

Maige akachomoa kisu.

"Mpigie yule bibi shamba wako."

"Nimwambie nini, baba?"

"Muulize. Kwenye ramani yake, hakuna hata mahali padogo palipobaki peupe?"

Ng'washi alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Ile ramani ya mwisho aliiona mwenyewe. Akapiga magoti, akalishika jike pembe.