Mtelezo Juu ya Ukoka wa Bi Mwanawema

“Ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wa Ole na vitongoji vyake, kwamba leo Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Kamati ya Burudani na Hifadhi ya Ukoka itazindua mtelezo wa maji wa kwanza katika historia ya kijiji hiki. Usalama wa kila jani umezingatiwa.”

Tangazo hilo lilibandikwa kwa uji wa muhogo kwenye mlango wa banda la kuku, na kabla halijapata msomaji, kuku walikwisha kula uji pamoja na nusu ya historia. Kamati yenyewe ilikuwa na wajumbe wawili: Hafiz, mwenyekiti, na binamu yake Rahila, aliyejiuzulu kabla ya kikao cha kwanza.

Hafiz alikuwa kidato cha tatu, karudi likizo kutoka dahalia, bweni la shule. Huko alikuwa amejifunza kuficha mkate ndani ya foronya na kuamini kwamba hakuna jambo lisilowezekana, mradi liundiwe kamati.

Tatizo lilikuwa ukoka. Bibi yake, Bi Mwanawema, aliuleta Pemba kutoka Unguja ndani ya kiroba, akaupakata melini kama mtoto mchanga, kisha akaupanda kishina kwa kishina kwa miaka miwili. Majirani walimshangaa. Majani asiyolishwa ng'ombe ya nini? Alhamisi hii wanawake wa Wambaa, kwao bwana harusi, wangeleta begi la harusi, yaani nguo na zawadi za Khairiya, dada yake Hafiz, nao wangekaribishwa palepale ukokani. Bi Mwanawema alikuwa ameshaamua kwamba wa Wambaa warudi kwao wakiusimulia.

“Mume wangu,” alimwambia Hafiz, maana kwa bibi wa Kipemba mjukuu wa kiume ni mumewe mpaka siku atakayomuudhi, “teleza. Lakini nikiona jani moja limenuna, hiyo Alhamisi huli biriani hapa. Utakuwa Micheweni kwa mjomba wako Vuai, unafunga mwani kambani, baharini.”

Mwenyekiti akaanza kazi kwa heshima zote. Vigingi vya turubai la kutelezea alivipigilia njiani, si ukokani. Kila mtelezaji alinawa miguu kwanza kwenye beseni. Kuruka kulipigwa marufuku, na Suhaib, mwenye miaka tisa, alipewa filimbi awakamate wenzake, akajikuta anajipulizia mwenyewe.

Lakini watoto kumi na wanne wakipita juu ya turubai, jani litapona vipi? Lilihitaji godoro. Makumbi ya nazi yangekwaruza, majani ya mgomba yangechanika. Ndipo Hafiz alipokumbuka stoo. Mlikuwa na viroba viwili vya makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Vikavu, vyepesi, vinabonyea vizuri. Akayamwaga yote, akayatandaza hatua kumi na mbili, turubai juu yake.

“Bibi anajua?” Rahila aliuliza.

“Kamati imeidhinisha.”

“Kamati si weye?”

“Mwenyekiti hajibu maswali ya mitaani.”

Mpira wa maji ukafunguliwa, sabuni ikamwagwa, na Ole ikateleza. Waliteleza kwa tumbo, kwa mgongo, na mmoja kwa shavu. Suhaib alipitiliza hadi kwenye migomba, akarudi akiomba apitilize tena. Huku chini, maji yalikuwa yakipenya kwenye matundu ya turubai, makonyo yakilowa juani taratibu kama chai birikani. Watoto walirudi makwao wananukia.

Alasiri Hafiz alikunja turubai, akaokota makonyo hadi la mwisho, akayaanika nyuma ya jiko. Ukoka ulikuwa umelala kidogo, lakini kijani. Bi Mwanawema alivaa miwani, akaukagua wote.

“Mashaallah,” alisema. “Mume ninaye.”

Jumanne ukoka ukapiga manjano. Jumatano asubuhi palikuwa na jamvi la kahawia katikati ya uwanja, hatua kumi na mbili kwa mbili, limenyooka kama limepigwa rula. Bi Mwanawema alisimama mkono kiunoni, akilitazama.

“Innalillahi,” alisema Hafiz kwa huzuni kuu. “Mbuzi.”

“Mbuzi gani?”

“Wa jirani, Mzee Abrahman. Nilimwona kwa macho yangu alfajiri, kalala hapa, kakojoa. Mkojo wa mbuzi ni mkali, Bibi. Tumesoma.”

“Kakojoa kwa rula?” Rahila aliuliza kutoka mlangoni.

Neno halikai Ole. Baada ya adhuhuri Mzee Abrahman alikuja na kofia mkononi na mbuzi kwenye kamba.

“Bi Mwanawema, nimefedheheka. Miaka thelathini ya ujirani hatujaambiana neno. Mchukue. Achinjwe kesho, wale wageni.”

Mbuzi alimtazama Hafiz, akitafuna. Hafiz akatazama migomba.

“Mwachie kamba kwanza,” alisema Bi Mwanawema.

Mbuzi aliingia ukokani kwa furaha, akala pembeni, akala mbele, akafika kwenye ile kahawia. Akainamisha pua. Akapiga chafya mara tatu. Kisha akalizunguka lile jamvi lote, hatua kumi na mbili nzima, ili aende kula upande wa pili bila ya kulikanyaga.

“Hataki hata kupita,” alisema Bi Mwanawema. “Ndiye aliyelala hapa?”

Akainama, akachota udongo, akanusa. Mikono ile ilikuwa imechambua karafuu tangu utotoni. Akampa Mzee Abrahman, naye akanusa, akageukia mbinguni kuficha kicheko.

“Hafiz.”

Hakusema mume wangu. Ndoa ilikuwa imevunjika.

“Gari la Micheweni linaondoka saa kumi,” alisema bibi yake. “Ukisema uongo unalipanda. Ukisema kweli unalipanda vilevile, lakini utakula kwanza. Chagua.”

Hafiz akachagua kula.

“Ni makonyo, Bibi. Viroba viwili, vya stoo. Niliyatandika ili ukoka usiumie. Wallahi sikujua kama maji yake yanaua.” Akamgeukia jirani. “Nisamehe, Mzee. Mbuzi wako hana kosa. Sikumwona alfajiri. Alfajiri sikuona kitu, nilikuwa nimelala. Hata sala niliisali jua limeshatoka.”

“Hilo sijakuuliza,” alisema Bi Mwanawema.

“Najua, Bibi,” alisema Hafiz. “Ya kweli yameshaanza kutoka, hayazuiliki tena.”