Uso Alioniazima Mama

Pua ndiyo iliyoanza kuwaka, kisha mashavu, kisha kope. Nililala chali juu ya mkeka, uso umepakwa singo nzito kama udongo wa kukandikia nyumba, na mama amekaa kichwani pangu, upepeo mkononi.

"Mama, yaniunguza."

"Uzuri ndio unaingia. Tulia."

Singo kila mwanamke wa Wawi anaijua. Liwa, mawaridi makavu, asumini na karafuu chache zilizokauka husagwa juu ya msio, akasuguliwa bibi harusi mpaka ngozi ikalainika na kunukia, kisha akaoshwa. Lakini mwaka ule wa harusi yangu, kabla ya vita vikuu vya pili, vuno lilikuwa kubwa, majamvi ya karafuu yamejaa uani, na mama aliona zile kavu zimekwisha nguvu. Akasaga mbichi, konzi kwa konzi. Na hakuosha. Aliiacha inikaukie.

Mama yangu, Bi Khairiya, alikuwa mwanamke ambaye watu walichungulia madirishani akipita. Ndui ikamshika miye ningali nanyonya. Wengine ndui huwaachia matundu. Mama ilimwachia na kiu. Kioo cha chumbani alikigeuza kikatazama ukuta, na toka hapo akawa anajitazama kwangu. Kulipokucha hakuniamkua kabla hajanikagua.

Wajukuu zangu huwategea kitendawili hiki: mama kanipa sahani, naibeba kutwa, wageni waiona, miye siioni. Wao hutaja kisogo, hutaja mwezi, mmoja alitaja deni. Jibu ni uso. Nilikitunga mwenyewe ndani ya chumba kile, nikamtegea mdogo wangu Duni kupitia dirishani, maana likifika vuno wenzangu wote walikuwa mikarafuuni, wamechafuka, wanataniana, na miye nimefungiwa jua lisinione. Nikawa naota mama ameuvua uso wangu kama ushungi, ameuvaa, amekwenda nao ngomani; na miye nimebaki mkekani, mbele laini kama kisogo. Nikizinduka hujipapasa.

Basi siku ile ya singo aliingia somo yangu, Bi Tatu, aliyekuwa akinifunda. Akanusa.

"Khairiya! Hizi mbichi! Wamchuna mtoto?"

"Bado haijashika."

"Ishike nini, mfupa?"

Bi Tatu akanyoosha mkono kwenye kopo la maji. Mama akamkamata kifundo. Wakavutana juu yangu, watu wazima wawili walioitana shoga toka utotoni, maji yakinimwagikia kifuani.

"Weye una uso wako, Tatu," mama akasema, akihema. "Niachie wangu."

Hakusema wa mwanangu. Nilingoja kidogo, huenda angejisahihisha. Kisha nikainuka, nikapapasa ukuta mpaka kwenye mtungi, nikazamisha kichwa kizima. Nyuma yangu mama alipiga ukelele, na nilipogeuka, maji yakinichuruzika, alikuwa amejishika mashavu yake yeye.

Ngozi ilibabuka. Harusi haikungoja, baba alikwisha toa neno, na watu wa Madungu, upande wa mume, walikwisha alikana. Niliolewa na mashavu kama muhogo uliomenywa kwa haraka. Mume wangu Mabruki, mchumaji wa karafuu, mtu ambaye mama alimkubali kwa shingo upande, alifunua ushungi akanitazama kitambo.

"Wauma?"

"Wauma."

Akatoka, akarudi na mafuta ya nazi aliyoyaomba kwa Bi Tatu. Uso wangu ulikwisha sifiwa, ulikwisha ombewa dua, ulikwisha fukizwa udi. Hakuna aliyewahi kuuliza kama unauma.

Fungate nzima tuliyokaa kwetu, mama hakuingia chumbani kwangu. Chakula alileta Bi Tatu. Asubuhi ya kuondoka kwenda kwa mume wangu nikasikia msio unakwaruza uani, pole pole, bila haraka. Nikatoka. Mama amemweka Duni baina ya magoti, kidevu amekishika, anamgeuza kushoto na kulia. Meno ya utotoni yalikuwa hayajamtoka yote.

"Huyu ana pua yangu," alisema, wala hakuwa akinambia miye.

Kwetu si ajabu bibi harusi kufuatana na mtoto wa kumliwaza, nami nikaishika ada hiyo kwa mikono miwili.

"Duni, chukua kanga yako. Wenda na miye."

Bi Tatu, aliyekuja kunisindikiza, alimtazama Duni miguuni. "Haya mtoto," alisema, "viatu huna? Basi twende hivyo hivyo."

Mama akasimama. Vidole vyake vilikuwa vimeganda liwa. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na huruma usoni, huruma ya kweli, ya mama.

"Na jua lote hili, Mize? Ataharibika."

"Acha aharibike, mama."

Tukatoka. Mabruki alitangulia na kisanduku changu kichwani. Tulipoingia njia ya Madungu, Duni akanivuta buibui akaniuliza kama anaruhusiwa kukimbia.

Miye sikugeuka nyuma. Bi Tatu aligeuka, na mpaka anaingia kaburini hakuniambia alichokiona.